Juba: Picha za watu zatafuta njia ya kuvuka mpaka

Lori likitoka Elegu, likavuka Nimule na kushika lami ya kilomita 192 hadi Juba, huwa limebeba karibu kila kitu ambacho mji huo unakula, unavaa na kujengea. Unga, vitunguu, saruji, mabati, sabuni. Katikati ya mzigo, pengine nyuma ya makasha ya misumari na bawaba, kuna makopo ya rangi. Rangi hiyo huagizwa kwa ajili ya milango na kuta. Lakini sehemu yake huishia kwingine: kwenye sura ya kijana aliyenyolewa vizuri juu ya mlango wa kinyozi, kwenye mwanamke mwenye nywele za kusuka katika bango la saluni, kwenye ng'ombe wa pembe ndefu nje ya bucha.

Mchoraji wa bango la namna hiyo hajiiti msanii, wala wateja wake hawamwiti hivyo. Anaitwa fundi. Analipwa kwa bango, anafunga brashi zake, anaondoka. Hata hivyo yeye ndiye mchoraji ambaye watu wa kawaida wanamjua, na anayetaka kujua uchoraji wa kisasa wa sura na maumbo ya watu umefika wapi Sudan Kusini hawezi kumruka fundi huyu akaanzia kwenye majumba ya sanaa. Majumba yenyewe ni machache mno.

Mangateen ni mtaa wa Juba ambao jina lake, kwa wengi walio nje ya mji, huja pamoja na neno kambi. Mwaka 2018 watu waliokuwa wakiishi katika eneo la Umoja wa Mataifa la kulinda raia walihamishiwa huko baada ya ugomvi kuzuka ndani ya eneo lile. Wengi wao hawakuwa wageni wa kukimbia. Walikuwa nje ya nyumba zao tangu Desemba 2013, vita vilipoanza hapo hapo Juba. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya kwanza ya vita sasa ana umri wa kumaliza shule ya msingi, na huenda hajawahi kuishi katika nyumba ambayo mama yake angeiita yao.

Anayekimbia usiku hubeba mtoto, si albamu ya picha. Hili ni jambo dogo mpaka lifike siku ambayo mtu anataka kumwonyesha mwanawe babu yake alikuwa na sura gani. Simu ya wakati ule imeharibika, picha ya ukutani ilibaki na ukuta, na kinachosalia pengine ni kipande cha picha ya kitambulisho chenye ukubwa wa kidole gumba. Barabarani Kampala na Nairobi wapo mafundi ambao kazi yao ni kuchukua kipande kama hicho na kukikuza kwa penseli au kwa rangi mpaka kiwe sura ya kutundikwa sebuleni. Wafanyabiashara wengi wamewahi kuwapita wakidhani ni kazi ya mapambo. Mahali kama Mangateen kazi hiyo si pambo.

Wala watu wa huko si wageni wa picha. Sudan Kusini ina milaya, shuka za kitanda zinazotariziwa kwa mkono na wanawake, zenye ndege, maua na mara nyingine maandishi. Milaya hutandikwa mgeni anapokuja, huingia katika mahari, na huuzwa fedha zinapohitajika. Wanawake wamezitarizi vijijini na wamezitarizi kambini, kwa sababu sindano na uzi ni karakana inayobebeka. Mfanyabiashara wa vitambaa anayetoka Kampala anaielewa milaya mara moja: anajua bei ya shuka tupu, anajua bei ya uzi, na anaweza kukisia siku za kazi. Mchoro wa rangi kwenye kanvasi humchanganya zaidi. Kitambaa ni kile kile, rangi ni ya kununua, lakini bei haifuati mita wala lita.

NENO LA KUCHOKA

Mwaka 2016 ulikuwa mrefu kwa Sudan Kusini. Aprili nchi ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Julai mapigano yakarudi Juba. Baada ya hapo wasanii vijana wa Sudan Kusini waliokuwa Nairobi wakaunda kundi, wakaliita Ana Taban, maneno ya Kiarabu cha Juba yenye maana ya "nimechoka". Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Ni neno lile lile la mgonjwa aliye taabani. Kufikia Septemba kundi lilikuwa limeanza kazi Juba, likiwa na wanamuziki, waigizaji, washairi na wachoraji. Miongoni mwa wachoraji hao ni Abul Oyay, ambaye amefanya kazi kwenye kanvasi na kwenye kuta pia.

Kuta ndizo zilizowafikisha kwa watu. Katika mji wenye sehemu chache za maonyesho, mbali na ukumbi mkubwa wa Nyakuron uliojengwa miaka ya 1970, ukuta wa barabarani ndio studio iliyo wazi kuliko zote. Mchoraji hana pa kujificha. Mpita njia anaona mstari wa kwanza wa chaki, anaona jicho likikosewa na kupakwa upya, anatoa maoni ambayo hakuombwa, na jioni anarudi kuangalia kama ushauri wake ulisikilizwa.

Kuna sababu nyingine inayoupa uchoraji wa watu uzito wake Juba. Kupiga picha hadharani katika mji huo bila kibali kunaweza kumpotezea mtu kamera, simu au siku nzima, na dereva yeyote wa njia ya Nimule atamwonya mgeni wake kabla hajateremka. Shughuli ya hadhara nayo huhitaji ruhusa ya vyombo vya usalama. Matokeo yake ni kwamba picha nyingi za watu wa Sudan Kusini zinazozunguka duniani zimepigwa na wageni wenye vibali, kwa ajili ya ripoti za njaa na vita. Mtu anaonekana akiwa kwenye foleni au juu ya machela. Mchoraji wa Juba anayemketisha jirani yake kwenye kiti cha plastiki na kumchora akiwa amevaa shati lake zuri anafanya kitu ambacho zile ripoti hazina nafasi nacho.

Ndiyo sababu pia haishangazi kwamba wachoraji hao huchora watu kuliko tembo. Masoko ya kitalii ya Nairobi na Arusha yamejaa twiga, machweo na Wamasai wembamba wasio na nyuso, kwa kuwa mnunuzi wake ni mtalii na mtalii amekuja kuona hivyo. Juba haina watalii wa kutosha kuwalisha wachora twiga. Mchoraji wa huko hana mteja wa kumharibu, ingawa pia hana mteja wa kumlisha.

PENYE MILANGO WAZI

Mfanyabiashara wa mpakani ana faida ambayo mpenzi wa sanaa wa Ulaya hana: tayari anapita. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ni vituo vyake, na katika kila mmoja wa miji hiyo kuna studio ambazo mtu anaweza kuingia kwa miguu bila kadi ya mwaliko.

Kampala ina historia ndefu kuliko wenzake. Shule ya sanaa ya Makerere ilianza mwaka 1937 chini ya Margaret Trowell, na ndiyo iliyofundisha kizazi cha kwanza cha wachoraji wa kanda nzima. Sam Ntiro alitoka Machame, Kilimanjaro, akasoma hapo, akafundisha hapo, akachora watu wa kijijini kwao wakivuna na kujenga, na baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika jijini London. Leo mwenye saa mbili za kusubiri mzigo anaweza kwenda 32° East, kituo kilichoanza mwaka 2011 na chenye studio ambako wasanii hukaa na kufanya kazi kwa miezi. Afriart Gallery ya Daudi Karungi, iliyofunguliwa mwaka 2002, iko eneo la viwanda, jirani na maghala ambayo wasomaji wengi wanayajua kwa sababu nyingine kabisa.

Afriart ndiyo inayomwakilisha Sungi Mlengeya, mchoraji kutoka Tanzania aliyewahi kufanya kazi benki na kujifunza kuchora mwenyewe. Michoro yake ni ya wanawake weusi juu ya weupe mtupu; nguo zao nazo ni nyeupe, kiasi kwamba kinachobaki kuonekana ni uso, mikono, shingo na miguu. Rangi inayotumika ni kidogo, na nafasi iliyoachwa bila kuguswa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mtanzania anayeuzwa kupitia Kampala kwa wanunuzi wa London: huo ni mnyororo wa biashara ya kuvuka mipaka ambao mfanyabiashara wa mchele angeuelewa mara moja.

Nairobi milango ni mingi zaidi. Kuona, mtaa wa Kilimani, ni uwanja wenye studio nyingi pamoja. Taasisi iliyokuwa ikiuendesha, Kuona Trust, ilianza mwaka 1995. Ilipokwama, wasanii wenyewe wakaushika mwaka 2017 na kuuendesha kwa ushirika, kila mmoja akichangia kodi yake. Mgeni huingia, hupita mlango hadi mlango, na mara nyingi humkuta mchoraji mwenyewe akiwa na rangi hadi viwikoni. Buruburu wako Brush Tu, ambao jina lao ni utani wa Kinairobi unaoeleweka bila tafsiri. Dar es Salaam iko Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, na studio zake ni makontena ya meli. Mtu aliyezoea kuyaona makontena bandarini akihesabu siku za gharama za kuchelewa atashangaa kuona moja limewekwa dirisha na mtu ndani anachora shangazi yake.

Lakini studio ambayo mtu wa Mangateen angeielewa kuliko zote haiko Kilimani wala Mikocheni. Iko Mukuru, Nairobi, kwenye mabati ya Lunga Lunga kando ya viwanda. Wajukuu Art Project ilianzishwa na vijana wa mtaa huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shabu Mwangi, mmoja wa waanzilishi, huchora watu ambao nyuso zao zimevutwa na kufutwafutwa, kana kwamba mtu amepitisha kitambaa kabla rangi haijakauka. Hakuna tembo hata mmoja. Mwaka 2022 kundi hilo lilialikwa kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ambayo ni kati ya maonyesho makubwa kabisa ya sanaa duniani, na likatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo. Wakati huo wote halikuhama Mukuru. Watoto wa mtaa huja kujifunza kuchora hapo hapo, chini ya mabati yale yale yanayopigiwa makelele na mvua.

Mukuru na Mangateen si sawa. Mukuru haina walinzi langoni, na mtu wa Mukuru anaweza kufukuzwa kwenye nyumba lakini hakimbii kabila la jirani. Kufanana kwao ni kwa jambo moja tu lenye faida hapa: mahali ambapo hakuna mtu angetarajia kununua picha, picha zimetoka na wanunuzi wakaingia.

DEREVA, KARANI NA MKEKA WA MEZANI

Wenye kufikiri kwamba haya ni mambo ya waliosoma sana wamkumbuke Jak Katarikawe. Alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, hakupata shule ya maana, akawa dereva Kampala. Sam Ntiro wa Makerere akaona michoro yake na kumtia moyo. Katarikawe akavuka mpaka, akahamia Nairobi, akaishi kwa kuchora ng'ombe wenye macho ya kibinadamu na watu waliokumbatiana hadi hujui mkono ni wa nani. Aliuza sana kupitia Gallery Watatu, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilianzishwa na wachoraji watatu mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki Nairobi mwaka 2018.

Au Sane Wadu wa Naivasha, aliyekuwa mwalimu na karani wa mahakama, akaacha mshahara miaka ya 1980 ili achore. Majirani walisema amerukwa na akili. Akalichukua neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu, akalifanya jina lake. Mwaka 2022 taasisi ya NCAI ya Nairobi ilionyesha kazi zake za karibu miaka arobaini.

NCAI yenyewe ilianzishwa na Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, na hadithi yake inamhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Armitage alisoma uchoraji London. Alipokuwa akitafuta kitambaa ambacho si kanvasi ya Ulaya, alikutana na lubugo katika soko la vitu vya kitalii Nairobi, likiwa limekatwa kuwa vimkeka vya mezani. Lubugo ni gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa kitambaa. Waganda wamelivaa, wamelitumia katika sherehe za kifalme na wamezikia wafu wao kwa karne nyingi, na UNESCO ililitambua utengenezaji wake mwaka 2005. Gome halina usawa wa kanvasi. Lina matundu, lina mishono, linajikunja. Armitage hayafichi. Tundu linaweza kutokea katikati ya kifua cha mtu aliyechorwa, na linabaki hapo.

Novemba 2019 mchoro wake wa mwaka 2015 uitwao The Conservationists uliuzwa kwa mnada wa Sotheby's, New York, kwa takriban dola milioni 1.5. Makadirio ya kabla ya mnada hayakufika hata dola 100,000. Fedha hizo, kama kawaida ya mnada, alizipata aliyekuwa ameununua kwanza, si aliyeuchora. Lakini kilichopita Busia au Malaba kama kimkeka cha mezani kilikuwa ni kitambaa kile kile.

Bei hiyo isimdanganye mtu. Ni ya mchoraji mmoja, na kwa kila mmoja wa aina hiyo wapo mamia wanaodaiwa kodi ya chumba. Anayenunua mchoro Kuona au Kampala ananunua kwa sababu anautaka ukutani kwake, au kwa sababu ana mteja mwenye hoteli au ofisi anayeutaka. Anayenunua ili auze kwa faida baada ya mwezi arudi kwenye vitunguu.

KUINGIA STUDIO

Ziara ya studio ina adabu zake, na nyingi ni zile zile za kuingia nyumba ya mtu. Siku ya ufunguzi wa maonyesho ni ya salamu, vinywaji na kuonana; si siku nzuri ya kuangalia wala ya kupatana bei. Siku ya milango wazi, wasanii wote wanapokuwa ndani na kazi zao zote zimetolewa, ndiyo yenye faida kwa mgeni. Iliyo bora zaidi ni Jumanne ya kawaida asubuhi, mchoraji akiwa kazini, ingawa hapo ni uungwana kupiga simu kwanza.

Mgeni huomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kwa kazi za Juba hili si adabu tu. Mtu aliyechorwa anaweza kuwa na sababu ya kutotaka sura yake ienee kwenye simu, na aliyekubali kukaa mbele ya jirani yake hakukubali kukaa mbele ya dunia. Swali la kuuliza mchoraji si "hii ina maana gani", ambalo wengi wanalichukia. Swali ni "huyu ni nani?" Mara nyingi hadithi yote hutoka hapo.

Kuhusu bei, studio na jumba la sanaa ni vitu viwili. Jumba huchukua sehemu yake, mara nyingi hadi nusu, na kwa sehemu hiyo hulipa kodi ya ukumbi, hutangaza na kumtafutia mchoraji wateja. Kama mchoraji ana mkataba na jumba, kumwendea mlango wa nyuma ili akuuzie kwa nusu bei ni kumharibia riziki. Kama hana, bei ni maelewano, lakini asiyejua kazi imechukua wiki ngapi asianze kushusha.

Juba kuna tatizo la ziada, nalo ni pauni. Desemba 2015 serikali ilipoacha kushikilia kiwango cha kubadilisha fedha, dola ilitoka chini ya pauni 3 ikafika zaidi ya 18 kwa mara moja. Leo inahesabiwa kwa maelfu. Mchoraji anayetaja bei kwa pauni leo, akaahidiwa malipo mwisho wa mwezi, ameshapata hasara kabla mteja hajafika. Ndiyo sababu wengi hutaja dola, na ndiyo sababu mteja wa hapo hapo mwenye mshahara wa pauni hawezi kununua. Picha ya jirani wa Juba inakuwa bidhaa ya mgeni. Hilo ndilo linalouma, na hakuna mchoraji anayeweza kulitibu kwa brashi.

Sudan Kusini ina wachoraji waliojifunzia Khartoum, waliokulia Kakuma, waliofanyia kazi Nairobi na Kampala. Wengi wanazungumza Kiswahili walichokiokota ukimbizini. Tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, wachoraji wa Khartoum nao wametawanyika Cairo, Nairobi na Kampala, baadhi wakiacha nyuma kazi za maisha yao yote katika nyumba zilizoporwa. Mahali pa mchoraji wa Juba kukutana na wenzake, kwa sasa, pako nje ya Juba.

KUKUNJA NA KUVUSHA

Mchoro ukishanunuliwa, mfanyabiashara anarudi kwenye eneo analolijua. Kanvasi hutolewa kwenye fremu na kuviringishwa upande wa rangi ukiwa nje, si ndani. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanailinda. Rangi ikibanwa ndani hujikunja na kupasuka. Bomba pana la plastiki la fundi wa maji linafaa kuviringishia, jembamba halifai. Rangi ya mafuta huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kukauka hasa, kwa hiyo kazi iliyomalizwa juzi isiviringishwe. Akriliki hukauka haraka, lakini joto huilainisha ikang'ang'ania nailoni, na ndani ya lori la Februari kwenye barabara ya Nimule joto halikosekani. Karatasi laini kwanza, nailoni baadaye.

Kwenye forodha, mchoro uliofanywa kwa mkono mtupu una kifungu chake, namba 97.01, katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na nchi zote za Jumuiya. Picha iliyochapishwa kwa mashine iko sura nyingine, ya 49. Afisa asiyeambiwa tofauti atachagua mwenyewe. Kwa hiyo risiti ya mchoraji iandikwe jina lake, jina la mchoro, vipimo, aina ya rangi, mwaka na bei, na aitie saini. Mwenye mzigo mdogo aulize kwanza kwenye dawati la taarifa za biashara mpakani kabla ya kumlipa wakala. Si kila kitu kinaingia katika utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000, na orodha za bidhaa zake hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Kwenda kaskazini mambo ni mepesi zaidi, na hapo ndipo biashara ndogo imelala. Fundi wa mabango wa Juba anachora kwa rangi ya milango kwa sababu ndiyo inayofika. Inang'aa, inakauka ngumu, na haichanganyiki vizuri kutoa rangi ya ngozi. Mtu wa Sudan Kusini akichorwa kwa rangi ya kahawia iliyotoka moja kwa moja kwenye kopo hafanani na mtu yeyote wa Sudan Kusini. Ngozi nyeusi sana inataka buluu ndani yake, inataka zambarau, inataka nyekundu kidogo penye sikio jua linapopita. Rangi hizo zinauzwa Kampala na Nairobi kwenye mirija midogo.

Mrija wa akriliki si mkubwa kuliko kipande cha sabuni. Mirija hamsini, brashi ishirini na mita kumi za kitambaa cha pamba kisichopaushwa huingia chini ya kiti cha abiria, na bado kuna nafasi ya jeri ya maji.